Umeshikwa Ukiendesha Gari Ukiwa Umekunywa: Mwongozo wa Nairobi, Kutoka Barabarani Hadi Baada ya Hukumu

Simu ya saa nane usiku haina salamu. "Shem, nimeshikwa. Thika Road, hapa karibu na Roysambu. Wamenipulizisha ile kitu." Nyuma yake nasikia lango la chuma likifungwa na mtu mwingine akiomba maji.

Shemeji yangu alikuwa amekunywa. Hakulikana jambo hilo usiku ule na halikani leo. Lakini kilichomgharimu si pombe peke yake wala kile kipimo. Ni yale aliyoyafanya kati ya usiku ule wa Ijumaa na saa tano asubuhi ya Jumatatu, na hasa maneno mawili aliyoyatamka kizimbani akiwa na haraka ya kuwahi kazini: "Ni kweli."

Mimi si wakili. Ni karani katika ofisi ya mawakili hapa mjini, na mabenchi ya mahakama za Milimani, Makadara na Kibera nayajua kwa ugumu wake. Haya ni yale ninayowaambia watu kwa simu usiku wa manane, ila safari hii nayaandika bila haraka. Kesi yako mwenyewe mpe wakili aisome.

Kosa lenyewe ni lipi

Wengi hudhani kosa ni kunywa kisha kuendesha. Sheria haikuandikwa hivyo. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinamlenga mtu anayeendesha, anayejaribu kuendesha, au aliye na gari mikononi mwake barabarani au mahali pa umma, akiwa ameathiriwa na pombe au dawa ya kulevya kiasi cha kushindwa kulidhibiti gari ipasavyo. Rudia sehemu hiyo ya mwisho. Haisemi "amekunywa". Inasema pombe imemfikisha mahali ambapo hawezi kulimudu gari.

Tazama pia hayo maneno "aliye na gari mikononi mwake". Ndiyo yanayomnasa yule anayejiona mwerevu, anayelala kwenye kiti cha dereva kando ya barabara, injini inanguruma, ufunguo uko mahali pake, akisema anangoja kichwa kitulie. Kama ni lazima ulale ndani ya gari, zima injini, hamia kiti cha nyuma, na ufunguo mpe mtu mwingine. Hata hivyo hujakingwa kabisa, lakini utakuwa na la kusema.

Kuhusu Alcoblow, kile kifaa cha kupima pombe kwenye pumzi, kuna hadithi nyingi mitaani, na nyingi zina nusu ya ukweli. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka vipimo: maikrogramu 35 za alkoholi kwa kila mililita 100 za pumzi, au miligramu 80 kwa mililita 100 za damu, au miligramu 107 kwa mililita 100 za mkojo. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikaziangusha kanuni hizo. Sababu yake kubwa ni hiyo niliyotangulia kuieleza: kifungu cha 44 kinataka ithibitishwe kwamba dereva hakuwa na uwezo wa kulidhibiti gari, na kanuni haziwezi kubuni kosa jipya la kupitisha kiwango tu wakati sheria mama haisemi hivyo. Watu wakasherehekea kana kwamba ulevi barabarani umehalalishwa. Haukuhalalishwa. Kifungu cha 44 hakikuguswa, na polisi waliendelea kuwapeleka watu mahakamani kwa kifungu hicho. Baadaye vipimo vilirudi barabarani, na mwaka 2025 rasimu ya kanuni mpya ilipelekwa kwa wananchi watoe maoni. Kwa hiyo jambo la kwanza wakili wako atakalouliza ni hili: hati ya mashtaka imetaja kifungu gani, na kanuni ipi ilikuwa na nguvu siku ile uliyoshikwa?

Na wewe unayetegemea supu ya mifupa: haisaidii. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye asilimia 4.2 ina gramu 16 na ushee za alkoholi. Ini la mtu mzima huchoma takriban gramu 7 au 8 kwa saa, na halisukumwi na kahawa, ndimu, mutura wala maji baridi. Chupa nne zilizoisha usiku wa manane zinaweza kuwa bado zimo damuni saa mbili asubuhi, unapoiwasha gari kuwapeleka watoto kanisani.

Barabarani: dakika kumi za kwanza

Simama. Washa taa ya ndani, teremsha kioo, mikono iwe mahali inapoonekana. Leseni inapoitishwa, itoe. Mwite afisa "afande", zungumza polepole, na usianze hotuba.

Sentensi inayosemwa kuliko zote barabarani Nairobi ni "Nimekunywa mbili tu, afande." Kila mtu huwa amekunywa mbili. Sentensi hiyo huingia kwenye daftari la afisa, na baada ya miezi mitano itasomwa mahakamani kama ushahidi kutoka kinywani mwako. Kifungu cha 49 cha Katiba kinakupa haki ya kunyamaza, na kunyamaza si ujeuri. "Afande, naheshimu kazi yako, lakini hilo nitalijibu nikiwa na wakili wangu" ni jibu kamili.

Ukiambiwa upulize, angalia mambo machache. Je, mdomo wa kifaa ni mpya, umetolewa kwenye karatasi mbele yako? Kama umetoka kunywa dakika hiyo hiyo, au umesukutua na dawa ya mdomo yenye alkoholi, sema, na uombe zipite dakika 15, kwa sababu alkoholi iliyobaki mdomoni hupandisha kipimo bila kuwa damuni. Omba uone tarakimu na saa, na ukumbuke vyote viwili. Ukikataa kabisa kupuliza, usidhani umenusurika: afisa ataandika namna ulivyotembea, macho yako, harufu, namna gari lilivyoyumba. Kwa kifungu cha 44 maelezo hayo huenda yakawa na uzito kuliko namba ya mashine.

Mwenye kisukari azingatie hili. Sukari ikishuka mtu hupepesuka, hukokota maneno, hutoa jasho, na kwa macho ya afisa wa usiku huyo ni mlevi. Sema una kisukari, omba daktari, na usisitize iandikwe.

Sasa tufike pale wote mnapopangojea. Kuna wakati afisa husogea karibu na dirisha na kuuliza, "Sasa tutasaidiana vipi?" Najua mji huu. Lakini Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 inamhukumu anayetoa sawa na anayepokea, na adhabu yake inafika miaka 10 jela au faini ya shilingi milioni 5, au vyote viwili. Nimeona mtu aliyeingia na kosa la trafiki akatoka na mawili. Ukidaiwa kitu, kumbuka namba iliyo kwenye sare, saa na mahali, kisha piga simu EACC, tume ya kupambana na ufisadi, kwa 1551. Ikiwa umepigwa au kudhulumiwa na polisi, IPOA, mamlaka huru inayosimamia mienendo ya polisi, wanapatikana kwa 1559.

Na hakuna "kulipa hapo hapo". Orodha ya makosa madogo ya mwaka 2016, yale ya mkanda na mwendo kasi yenye faini zilizopangwa, haina kuendesha ukiwa umelewa ndani yake. Kosa hili ni la kwenda mahakamani.

Gari lako

Kama uliye naye hajanywa na ana leseni, omba aruhusiwe kuliendesha hadi kituoni mkiwa na afisa. Litakokotwa usipokuwa na mtu, na gharama itakuwa yako. Kabla hujaliacha, toa vitu vya thamani na upige picha mita ya kilomita, tairi ya akiba na dashibodi. Hakikisha kilichobaki kimeorodheshwa. Kama hapakuwa na ajali, mkuu wa kituo anaweza kuliachilia kwa mwenyewe au kwa mtu uliyemtuma na barua, kitambulisho na nakala ya hati ya umiliki. Kama kulikuwa na ajali, litasubiri ukaguzi, nawe utasubiri nalo.

Kituoni

Wanakuvua mshipi, kamba za viatu, saa na simu. Kwa hiyo piga simu yako kabla hujafika kaunta, na uwe na namba moja kichwani, iliyokaririwa kama mlivyokariri meza ya kuzidisha. Siku hizi watu hawajui hata namba ya mke.

Kaunta kuna kitabu cha matukio, OB. Omba namba ya OB na umwambie aliye nje aiandike. Bila namba hiyo ndugu zako watazungushwa kutoka kituo kimoja hadi kingine wakiulizia "yule jamaa wa Jumamosi". Haki zako kituoni ni hizi: kuambiwa umekamatwa kwa nini, kwa lugha unayoielewa, kunyamaza, kuwasiliana na wakili na yeyote ambaye msaada wake unahitajika, kutolazimishwa kukiri, na kufikishwa mahakamani haraka iwezekanavyo, si zaidi ya saa 24 tangu ukamatwe.

Zile saa 24 zina mtego. Zikiishia nje ya saa za mahakama au siku isiyo ya mahakama, zinasogezwa hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Aliyeshikwa Ijumaa saa tano usiku anaweza kukaa seli hadi Jumatatu bila Katiba kuvunjwa. Ndiyo maana mitaani ikaitwa "kamata kamata ya Ijumaa". Dawa yake ni dhamana ya polisi.

Ukipewa karatasi uandike taarifa, unaweza kukataa: "Sitaandika taarifa hadi niwe na wakili." Shemeji aliandika kurasa mbili. Aliomba msamaha kwa taifa zima.

Je, upimwe damu? Hapa mawakili wenyewe hubishana. Alkoholi hushuka damuni kwa takriban miligramu 15 kwa kila mililita 100 kila saa, kwa hiyo kipimo cha usiku wa manane na kile cha alfajiri ni vitu viwili tofauti. Kama una hakika hukunywa, ukitoka tu nenda hospitali mara moja, upimwe na upewe ripoti yenye saa. Kama ulikunywa, usikimbilie kujitengenezea ushahidi dhidi yako. Mpigie wakili kwanza.

Dhamana: ya bure, na ile ya pesa

Polisi wanaweza kukuachilia kwa bondi, yaani ahadi iliyoandikwa kwamba utafika mahakamani, ukiwa na mdhamini au bila. Au wanaweza kuitisha pesa taslimu. Bondi haina ada. Fomu haiuzwi, sahihi ya mkuu wa kituo haiuzwi, na "pesa ya karatasi" ni hongo iliyovaa suti.

Ukitoa pesa taslimu, lazima upewe risiti rasmi ya serikali yenye jina lako, kiasi, namba ya OB na tarehe ya kufika mahakamani. Hesabu tarakimu kabla hujaondoka kaunta. Ukitoa elfu 20 na risiti ikasema elfu 5, hiyo elfu 15 imekwenda na upepo. Anayekuja kukutoa awe hajanywa. Inaonekana kichekesho, lakini marafiki mliokuwa nao klabu ndio wa kwanza kufika kaunta wakinuka kuliko wewe.

Pesa hii ni yako. Kesi ikiisha, umeshinda au umeshindwa, inarudi, au mahakama inaielekeza kulipa faini ukiomba hivyo. Inapotea usipofika mahakamani, na pamoja nayo hutoka hati ya kukukamata.

Wakili, na watu wa korido

Asubuhi ya Jumatatu kwenye korido za mahakama kuna vijana wenye tai na faili tupu. "Boss, ni kesi ya trafiki? Nitaongea na karani, elfu saba tu iishe." Hawa si mawakili. Muulize jina kamili, kisha litafute kwenye tovuti ya LSK, chama cha mawakili wa Kenya, uone kama ana cheti cha mwaka huu. Wakili wa kweli hatachukia. Kama huna uwezo, kuna Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliyoundwa chini ya sheria ya 2016, na kuna Kituo cha Sheria, ambao wamesaidia watu wa mji huu tangu miaka ya sabini.

Kama huwezi kumpata mtu kabla ya saa tatu, bado una neno moja la kumwambia hakimu: "Mheshimiwa, naomba muda nizungumze na wakili kabla ya kujibu." Kifungu cha 50 cha Katiba kinakupa muda na nafasi ya kujiandaa. Ombi hilo linasikizwa kila siku na hakuna aliyefungwa kwa kuliomba.

Kujibu mashtaka: pale shemeji alipoanguka

Fika saa mbili na nusu. Tafuta jina lako kwenye orodha iliyobandikwa mlangoni. Mahakama itategemea ulikoshikwa. Barua ya bondi imeitaja.

Omba uione hati ya mashtaka. Jina lako limeandikwa sawa? Namba ya gari? Barabara? Tarehe? Kifungu? Nimewahi kuona hati iliyomshtaki mtu kuendesha Subaru katika Outering Road ilhali alikuwa kwenye Probox Ngong Road. Kosa la namna hiyo upande wa mashtaka unaweza kulirekebisha, lakini ukilinyamazia ukakiri, umelikubali.

Asubuhi ile niliketi safu ya tatu. Walikuwa kumi na mmoja kizimbani, wamejipanga bega kwa bega, viatu bila kamba. Karani anasoma kwa kasi ya mtu aliyesoma maneno hayo hayo tangu mwaka jana. "Umesikia mashtaka? Ni kweli ama si kweli?" "Ni kweli." "Ni kweli." "Ni kweli." Wa nne alikuwa mzee mwenye sweta ya kijani, mlinzi wa jengo fulani. Akasema, "Ni kweli nilikunywa, Mheshimiwa, lakini gari nilikuwa nimelisukuma kando tu, lilikuwa limezima, mwenyewe alikuwa ameenda kutafuta fundi." Hakimu akainua kichwa. Akaweka kalamu chini. Akasema, "Hiyo si 'ni kweli'. Naandika amekana mashtaka."

Huyo hakimu alikuwa anafuata kesi ya zamani ambayo kila mwanasheria Kenya anaijua, Adan dhidi ya Jamhuri, ya mwaka 1973. Inasema hivi: shtaka lisomwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, na kila kipengele, akikiri, maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema, kisha kiongozi wa mashtaka aeleze mambo yalivyotokea, na mshtakiwa apewe nafasi ya kuyakubali, kuyapinga au kuyaeleza. Akitoa maelezo yanayotia shaka hatia yake, aandikwe kama aliyekana. Kwa hiyo una nafasi mbili za kusimamisha gari kabla halijaingia mtaroni. Ya kwanza ni shtaka. Ya pili ni pale maelezo yanaposomwa na unaulizwa, "Hayo yaliyosemwa ni kweli?" Wengi hulala hapo.

Shemeji aliulizwa mara mbili. Mara mbili akasema ni kweli. Maelezo yalisema alikuwa akiyumba kutoka njia moja hadi nyingine. Aliniambia nje, akifunga kamba za viatu, kwamba alikuwa amesimama kwenye foleni ya kizuizi kwa dakika kumi na hakuyumba popote. Lakini alikuwa ameshakubali, na kwa mtu aliyekiri, rufaa inahusu adhabu tu, ukubwa wake au uhalali wake. Hatia yenyewe haiguswi kirahisi.

Sisemi kila mtu akane. Kama uligonga nguzo ya taa saa saba usiku na video inazunguka WhatsApp, kukiri mapema huhesabiwa kwa upande wako wakati wa adhabu, na tangu mwaka 2008 sheria inaruhusu mapatano na upande wa mashtaka, pengine kwa shtaka jepesi. Ninachopinga ni kukiri kwa sababu una mkutano saa sita.

Ukikana

Mahakama itapanga dhamana na tarehe. Masharti ya dhamana yakikushinda, sema hapo hapo. Wakili anaweza kuomba yapunguzwe. Omba upewe mapema ushahidi utakaotumika: taarifa za mashahidi, karatasi ya kipimo kama ipo, dondoo la OB. Ni haki yako chini ya Katiba.

Siku ya kusikizwa, maswali yenye nguvu ni yale madogo. Afisa alikuona ukiendesha kwa umbali gani? Gari liliyumba wapi, na kuna shahidi mwingine? Kifaa kilikaguliwa lini? Nani alisoma tarakimu? Daktari alikuona? Upande wa mashtaka ukimaliza na hakimu akaona hakuna kesi ya kujibu, unaachiliwa bila kusema neno. Akiona ipo, utachagua: kutoa ushahidi kwa kiapo na kuulizwa maswali, kutoa maelezo bila kiapo, au kunyamaza.

Kesi huahirishwa. Afisa amehamishwa, faili haijafika, hakimu yuko semina. Fika kila tarehe hata kama unajua haitaendelea.

Adhabu

Kifungu cha 44 kinampa hakimu faini, kifungo, au vyote. Mabadiliko ya mwaka 2012 yaliongeza makali ya sheria hii ya trafiki, na tarakimu zinazosambazwa kwenye makundi ya madereva ni za miaka tofauti; isome sheria yenyewe kwenye tovuti ya Kenya Law, ni bure. Katika makosa haya ya mara ya kwanza, pasipo aliyeumia, faini ndiyo ninayoiona mara nyingi. Pia kuna kazi za jamii chini ya sheria ya mwaka 1998, kufagia uwanja wa zahanati ama ofisi ya chifu, na kuna kipindi cha uangalizi chini ya afisa wa urekebishaji tabia.

Faini isipolipwa hugeuka siku za jela, kwa kipimo kilichomo kwenye Sheria ya Adhabu: inayozidi shilingi 15,000 hadi 50,000 haizidi miezi 6, na inayozidi 50,000 haizidi miezi 12. Lipa kwa njia rasmi ya mahakama. Hakuna afisa wa kukulipia pembeni.

Ila faini si kitu kikubwa. Kikubwa ni leseni. Anayepatikana na hatia hunyimwa leseni kwa miezi 12, au zaidi mahakama ikiona vyema, isipokuwa hakimu aone sababu maalum na aziandike. Hapa ndipo maombi ya kupunguziwa adhabu yanapaswa kuelekezwa. Watu huomba: "Mimi ni baba wa watoto wanne." Kila mtu ni baba wa watoto wanne. Sema linalohusu leseni: unamwendesha mgonjwa wa figo hospitali mara mbili kwa wiki, na hii hapa barua ya kliniki, udereva ndio kazi yako, na hii hapa barua ya mwajiri, hujawahi kushtakiwa kwa miaka 14. Leta karatasi. Maneno matupu hakimu ameyasikia yote.

Kama kuna aliyekufa, hiyo ni kesi nyingine kabisa. Kifungu cha 46, kusababisha kifo kwa kuendesha kwa hatari, kina kifungo cha hadi miaka 10 na kupokonywa leseni kwa miaka 3. Hapo usiseme lolote kwa yeyote, hata kwa familia ya marehemu kwa nia njema ya kuomba radhi, kabla wakili hajafika.

Hujaridhika na hukumu? Una siku 14 kukata rufaa Mahakama Kuu. Siku, si wiki za kufikiria.

Yanayokuja baadaye

Bima. Mikataba mingi ya bima kamili ina mstari unaokataa kulipa kama dereva alikuwa amelewa. Aliyeumizwa na gari lako ana ulinzi wake chini ya Sura ya 405, ile sheria ya bima ya kuwalinda watu wengine barabarani, lakini kampuni ikimlipa inaweza kukugeukia wewe. Toa taarifa ya ajali kwa bima kwa wakati, na kabla ya kujaza ile sehemu ya "eleza kilichotokea", muonyeshe wakili. Kitakachoandikwa hapo kinaweza kuibuka mahakamani.

Kazi. Kwa bahati tu Sheria ya Ajira ya 2007 nayo ina kifungu cha 44 chake. Kinataja ulevi wakati wa kazi kama sababu ya kufutwa mara moja. Pia kinamtaja mfanyakazi aliyekamatwa kwa kosa lenye kifungo na ambaye baada ya siku 14 hajaachiliwa kwa dhamana au kwa njia nyingine halali. Ukishikwa Jumamosi ukatoka Jumatatu, mwajiri hana la kushikilia hapo. Hata akitaka kukufuta, lazima kwanza akueleze sababu na akusikilize. Dereva wa matatu au wa shule ana shida zaidi, maana anahitaji cheti cha tabia njema kutoka DCI, idara ya upelelezi wa jinai, na alama zake za vidole zilichukuliwa.

Viza. Hili watu hulipuuza hadi siku ya mahojiano. Marekani hufuatilia hata kukamatwa tu katika miaka mitano iliyopita. Mwombaji anaweza kutumwa kwa daktari wao, na viza iliyokwisha kutolewa inaweza kufutwa. Kanada nayo tangu Desemba 2018 inaliweka kosa la kuendesha ukiwa umelewa miongoni mwa makosa mazito, na hatia ya Kenya hulinganishwa na sheria yao. Usidanganye kwenye fomu. Kudanganya kuna adhabu yake, na mara nyingi ni ndefu kuliko ya kosa lenyewe.

Shemeji alijaza fomu ya Kanada miezi tisa baadaye. Kulikuwa na swali kama umewahi kutiwa hatiani nchi yoyote. Aliniita saa nne usiku, sauti ile ile. Akaweka alama kwenye "ndiyo", akaambatisha nakala iliyothibitishwa ya mwenendo wa kesi tuliyoiomba kwenye sajili ya mahakama, risiti ya faini, na barua ya maelezo. Mpaka naandika haya hajajibiwa.

Na dhamana yake. Faini aliilipa kwa kukopa Fuliza na kwa dada yangu, hakujua angeweza kuomba pesa ya dhamana ielekezwe huko. Ili kuirudisha ulihitaji risiti asilia, nakala ya kitambulisho, namba ya akaunti ya benki na agizo la mahakama. Risiti ilikuwa kwenye mfuko wa suruali ile ya Ijumaa, na suruali ilikuwa imefuliwa. Ikabidi tuchukue abstrakti ya polisi ya kupotelewa, tuapishe hati ya kiapo, tuandike barua, turudi, turudi tena. Wiki sita. Siku ile pesa ilipoingia alinitumia ujumbe mmoja: picha ya skrini ya simu, na chini yake, "Shem, hii sasa nimeipiga picha."